Manabii Kumi na Wawili na Viti vya Kanisa Letu

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku kumi na tatu zimebaki. Jumapili ya kipaimara nitasimama mbele ya kanisa zima na kuwataja manabii wadogo kumi na wawili kwa mpangilio, bila karatasi. Binamu yangu Britta atataja nyaraka za Paulo. Bibi Oline anakuja kutoka Fargo na pini ya fedha ya kifuani ambayo mama yake alivuka nayo bahari kutoka Norwe. Wajukuu wa kike tuko wawili. Pini ni moja. Bibi amesema ataipata atakayemaliza sehemu yake bila kukosea. Tukifaulu sote ni yangu, maana nimemzidi Britta miezi miwili.

Naitaka sana. Si kwa majivuno. (Kidogo kwa majivuno.)

Asubuhi nilijua manabii sita. Jioni wanne.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemuuliza mwalimu wa sayansi, Bi Quist, jinsi kumbukumbu ya kudumu inavyofanya kazi. Alifurahi hadi kahawa yake ikapoa. Alisema jambo jipya husimama mlangoni kwanza. Ili liingie ndani, uliite kichwani bila kutazama kitabu: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Alisema usingizi huliimarisha. Alisema pia kuwa watu wa kale waliyapanga maneno katika mahali wanapopajua vizuri, kisha wakapita humo kwa mawazo.

Nimeandika yote kwa hati safi. Nikaanza na usingizi. Nililala kutoka saa tisa alasiri hadi chakula cha jioni, kitabu chini ya mto. Niliamka na alama ya kona ya kitabu shavuni. Manabii: watatu.

Jumatano, 16 Oktoba

Darasa la kipaimara. Britta alitaja nyaraka zote bila hata kupepesa macho. Nilimuuliza siri yake. Akasema hana siri. Huzitaja kila asubuhi akimlisha farasi, akikwama anachungulia kitabu, basi. Nikamwambia hiyo ni njia ya watu wasio na njia.

“Haya, wewe mwenye njia, taja hao wako,” akasema.

Nikasema nina kikohozi.

Kisha nikafanya jambo baya. Alipokuwa akivaa koti nilisimama nyuma yake nikaimba nyaraka za Paulo kwa mpangilio mbovu, kwa sauti tamu, ili zimwingie.

Alhamisi, 17 Oktoba

Britta hakusikia kitu. Alikuwa na muziki masikioni. Wimbo umenikaa mimi! Nimepiga mswaki na Wagalatia kabla ya Warumi. Sasa najua vibaya hata sehemu isiyo yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimepata! Watu wa kale walikuwa na akili.

Katika kanisa letu kila mtu hukaa pale pale alipokaa tangu kabla sijazaliwa. Mwaka juzi mgeni alikaa mahali pa Bwana Eide. Bwana Eide hakutafuta kiti kingine. Alisimama kando yake ibada nzima, akitabasamu. Hakuna mahali imara zaidi Minnesota yote.

Basi nimewapanga manabii kwenye viti hivyo, kila mmoja kwa mtu anayenikumbusha jina lake. Bwana Eide, msafi kama sahani iliyooshwa, ni Hosea. Bi Yngve ni Yoeli. Anayenuka moshi wa kiko ni Amosi. Bwana Sather mfupi ni Obadia, kitabu kifupi. Bi Thora anayekaanga samaki wa harambee ni Yona. Mwoka mikate, Mika. Bwana Moen, ambaye akipanda ngazi anahema, Nahumu. Mfuga kuku, Habakuki. Bi Rudi wa sufuria za jikoni, Sefania. Mtoto wa akina Lien asiyetulia, hakai, Hagai. Mzee kuliko wote, Zekaria. Na kiti cha mwisho, dada aliyeigiza malaika wakati wa Krismasi, Malaki.

Wote kumi na wawili! Nilitabasamu kama Bwana Eide.

Jumanne, 22 Oktoba

Obadia amehamia Arizona.

Yeye na mkewe hukimbia baridi kila mwaka, lakini baada ya kipaimara. Mwaka huu goti lake halikungoja. Mama aliniuliza kwa nini ninamlilia mtu ambaye sijawahi hata kumsalimu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nilijaribu mbele ya Mchungaji Lindahl, macho nimefumba. Kumi na mmoja sawasawa! Wa nne nilimwita Arizona. Mchungaji alisema kwa upole kuwa huyo si nabii. Akanishauri niwataje kila siku hadi Jumapili, bila kufikiria viti. Sikutaka kumvunja moyo, nikaitikia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Bibi amefika, pini kwenye koti. Ina visahani vidogo vinavyolia akicheka. Alisema yeye aliwakariri manabii akikamua ng'ombe, nabii mmoja kila chuchu.

“Nilikuwa nawasahau kila siku, mjukuu wangu. Ukisahau, unamtafuta. Ukimtafuta, anakaa.”

Maskini Bibi. Ng'ombe ana chuchu nne tu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nitaandika haraka.

Britta alimaliza. Bila kosa.

Nikaenda mbele. Nikatazama viti. Utepe mweupe! Viti vyote vya mbele vilikuwa vimefungwa utepe kwa ajili ya familia za watoto wa kipaimara. Mahali pa Hosea alikaa mjomba wa Britta, akipiga miayo. Manabii wangu wote walikuwa wamesukumwa nyuma, wamechanganyika kama viazi gunia likipasuka. Hagai alikuwa mapajani mwa Yona.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikawasoma walivyokaa. Nikaanza na Sefania. Nikasema “Kuku.” Nikasema “Anahema,” na Bwana Moen akainua kichwa, akauliza nani. Kisha nikajisikia naimba Wagalatia.

Katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kwenye kahawa, Bibi alimfunga Britta pini. Nilisikia visahani vikilia. Britta hakunicheka, na hilo ndilo baya zaidi. Bibi alinishika shavu, akasema, “Umewataja kwa moyo, mwanangu. Ila si hao.”

Mama alinipa kipande kikubwa cha keki. Nilikimaliza. Sikusikia ladha yoyote.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mchungaji amenipa nafasi nyingine Jumapili ijayo. Bibi atakaa hadi wakati huo. Huenda akinisikia atafikiria upya. Watu hufikiria upya.

Nimekaa nikachunguza kosa langu, kama tulivyofundishwa. Nimeliona. Njia haikuwa na kasoro hata kidogo. Kasoro ni watu: wana miguu.

Usiku theluji ya kwanza ya mwaka imeanguka. Tangu nirudi kutoka shuleni niko nje, na nimefinyanga sanamu kumi na mbili za theluji kando ya uzio, kila moja na jina lake. Hizi haziendi Arizona. Hakuna atakayezifunga utepe.

Jua limetoka, siku imekuwa nzuri ajabu. Habakuki ameanza kuinama. Nadhani anasali.