Kipimo cha Pinki

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tano ya ndoa! Nikisikia pikipiki ya Yotham getini, moyo bado unaruka. Mume wangu. Nikiandika neno hilo nacheka peke yangu.

Leo nimeropoka. Yotham alikuwa anaongea kwa simu na mama yake aliye kijijini Mvumi. Mama akasema anakuja Jumamosi ya tarehe 22 na atabeba mlenda wake wa kukausha, maana mke wa mjini mboga atazitoa wapi. Nikaumia. Nikapaza sauti ili asikie: asibebe chochote, mama, mimi nalima hapa hapa Nzuguni, kwenye mabomba, kwa maji matupu!

Yotham akanitazama kwa macho yale ya kanisani. Akamwambia mama yake, umeona? Ulisema huyu hawezi kushika jembe, kumbe hata halihitaji.

Mabomba sina. Niliyaona kwenye simu.

Jumatano, 5 Juni

Fundi amefunga mabomba yenye matundu nyuma ya nyumba. Miche ya chainizi imo ndani. Yotham nimemdanganya kwamba nilianza zamani, nilikuwa namfanyia surprise. Mungu anisamehe.

Nimenunua na kipimo, kama kalamu nene. Kitufe kimoja kinasoma uchachu wa maji, yaani ile pH ya shuleni, kingine kinasoma virutubisho. Dukani vilikuwepo viwili. Cha kijivu kilikuja na vichupa vya maji maalumu ya kukihakiki, na ncha yake inabadilishwa. Cha pinki hakikuwa na chochote. Lakini ni pinki ile ile ya sare zangu za kitchen party! Muuzaji akasema dada, fikiria. Nikawaza mapenzi, nikachukua pinki.

Akanionya ncha isikauke, ikae na unyevu ndani ya kifuniko, na kila wiki nikihakiki kama kinasema kweli. Nikamwambia kemia nimesoma mpaka kidato cha nne. (Nilipata F.) Kitu cha thamani ukiache kimelowa? Nyumbani nikakipangusa, nikakianika juani, nikakilaza kabatini juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya glasi za harusi. Kimependeza mno.

Alhamisi, 6 Juni

Ajabu! Nimepima maji yetu ya kisima kabla ya kutia hata tone la mbolea. Namba ya virutubisho imepita ile inayotakiwa kwa chainizi! Dodoma tunasimangwa bure kwa ukame, kumbe tunaoga rutuba.

Mbolea ya maji niliyonunua nimeirudisha dukani, kwa pesa hiyo nikamnunulia Yotham marashi.

Nikaenda kumpa habari Joha, jirani anayelima kwenye viroba vya samadi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema bibi harusi, hiyo ni chumvi, hayo maji hata sabuni haitoi povu, au na povu nalo linasubiri kipimo? Nikamwonea huruma. Hana kifaa.

Jumamosi, 15 Juni

Chainizi zimekuwa njano. Kingo zimeungua kama zimepitiwa na pasi. Yotham akauliza kama ndivyo zilivyo. Nikasema ndiyo, ni chainizi ya dhahabu. Akaniamini! Akanibusu kwenye paji la uso akaenda zake kazini Mtumba, kwenye zamu ya wikendi, huku akipiga mluzi. Nikabaki nimesimama, uso unawaka. Mtu akikuamini hivyo ni bora angekupiga kofi.

Nikatoa kipimo kabatini. Uchachu: tisa. Karatasi ya maelekezo inataka sita. Ili namba ishuke, tia kitu kichachu. Nikatia kikombe cha ukwaju. Tisa. Kikombe kingine. Tisa. Nikamimina sufuria nzima. Tisa! Nikapima ukwaju wenyewe. Tisa. Nikapima chai yangu. Tisa.

Angalau kina msimamo.

Ijumaa, 21 Juni

Zote zimelala. Hazitaamka. Mama anakuja kesho, na kwa ahadi yangu anakuja mikono mitupu. Yotham amewatangazia mpaka shangazi zake.

Nikarudi kwa Joha kwa unyenyekevu. Nikamwomba chainizi nyingi, kwa ajili ya utafiti. Akauliza utafiti huo unaliwa na ugali? Lakini akanikatia, kubwa kubwa, za kijani hadi unaona wivu. Hakutaka hata shilingi. Ningefurahi zaidi angenidai.

Jumamosi, 22 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Alfajiri nilichomeka mashina ya Joha kwenye kila tundu. Shamba likapendeza kama picha. Mama akafika saa nne. Nikapiga goti, nikampa shikamoo, nikaongeza na mbukwenyi, salamu ya Kigogo niliyofundishwa na Yotham. Akafurahi. Akaona mabomba. Akaduwaa. Kisha akanikumbatia, mama mkwe wangu, akasema mwanangu, nilikudharau, nisamehe. Machozi yalimlenga!

Hapo ndipo ningesema. Hapo hapo. Sikusema.

Yotham akawasha simu kurekodi. Mama akasema mboga ya kwanza ya mkwe anaichuma mwenyewe, na akapiga vigelegele. Akavuta. Likatoka shina limekatwa kwa kisu, halina hata mzizi mmoja. Akavuta la pili. Na la tatu. Vigelegele vikakatika. Joha naye akaja mbio kuona kuna sherehe gani, akasimama mlangoni. Akasema kumbe chainizi zangu zimehamia kwenye nyumba ya kupanga.

Yotham alikuwa anarusha moja kwa moja kwenye kundi la ukoo. Baba mdogo Bartolomayo ameandika kuuliza kama na bibi harusi mwenyewe ameazimwa kwa jirani.

Tulikula chainizi za Joha. Nilizipika mimi, hakuna aliyezisifu. Yotham hakunigombeza. Alisema tu, akiwa ananawa, kwamba tangu uchumba, miezi minane, alikuwa anamwambia mama yake amenielewa vibaya. Nikaenda kulia chooni, bomba nimelifungua ili wasisikie.

Jumapili, 23 Juni

Asubuhi nilimpigia mama magoti nikamweleza yote, kisima, kabati, ukwaju. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachovya kidole kwenye mabomba, akaonja, akakunja uso. Akasema: chumvi ipo, ukwaju upo, hapa palikosekana samaki tu. Akacheka! Yotham akacheka. Nami nikacheka, ingawa aibu ilikuwa bado inanichoma mpaka masikioni.

Alipoondoka akasema nikitaka mboga niseme sina, atanipa. Niseme tu sina. Nikamwahidi. Usiku Yotham akanishika mkono akasema basi, yameisha, ila nisimwahidi tena mtu kitu ambacho hakipo. Nikaapa kwa pete yangu. Mume gani huyu! Simstahili hata kidogo.

Jumanne, 25 Juni

Wifi Devota amepiga simu kutoka Nkuhungu. Ameiona video. Amecheka dakika nzima kabla ya salamu. Akasema ameahidiwa likizo ya Nanenane na atakuja kwetu na watoto wote, lakini atabeba dagaa, kwa usalama wao.

Dagaa! Kwangu!

Nikakumbuka neno la mama, palikosekana samaki. Yule mama ana maono. Nikamwambia Devota aache dagaa wake huko huko. Nafuga sato. Wakubwa, nikamwambia, wanapita kiganja, siku ya Nanenane kila mtoto atakula wake mzima. Akaacha kucheka. Nikajua nimempata.

Kesho natafuta pipa. Yotham sijamwambia, nataka iwe surprise. Na safari hii haiwezi kuharibika, maana samaki si kama chainizi: maji wameshayazoea.