Tume Iliyorekebisha Saba Bila

Ilitangazwa kwa redio ya mji, kwa kipaza sauti cha kanisa na kwa gari linalopita mitaani likiuza mitungi ya gesi, kwamba Klabu ya Soka ya União ya Barro Fundo, baada ya tafakuri ya kina na kwa kuwashirikisha wadau wote walioalikwa, imeamua kuanza upya historia yake. Historia ya zamani ingeendelea kutumika hadi Ijumaa.

Kazi hiyo nyeti ilikabidhiwa Tume Maalumu ya Kurekebisha Yaliyopita, yenye wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa rais wa klabu, Valdomiro Pestana, ambaye mji mzima ulimwita Daktari kwa sababu alikuwa na kiwanda cha vigae. Katibu alikuwa Anacleto Siqueira, mtu mwembamba wa miaka arobaini na minane, asiye na haki ya kupiga kura. Kwa miaka ishirini na saba Anacleto ndiye aliyekitunza na kukiandika Kitabu cha Mechi. Kitabu kile hakikuwa na uongo hata mstari mmoja, na Tume iliona hicho ndicho chanzo cha matatizo.

Matatizo yenyewe yalianzia kwenye nyota. Shirikisho la soka la jimbo lilikuwa limetoa waraka kwamba klabu yoyote yenye ushahidi wa ubingwa wa zamani iombe kutambuliwa, kisha ishone nyota juu ya nembo ya jezi. Mji wa jirani ulishapata yake, kwa mashindano ya mwaka 1938 ambayo yalikuwa na timu mbili na mbuzi mmoja wa zawadi. Daktari alikuwa akigombea umeya mwaka unaofuata. Aliona si busara kuwaomba watu kura huku jezi iko tupu.

Tatizo dogo ni kwamba União, tangu izaliwe mwaka 1936, haikuwahi kushinda kitu. Mechi yake kubwa kuliko zote ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Jimbo, tarehe nane Oktoba 1961, dhidi ya Imperial, timu ya mji mkuu. União ilifungwa saba bila.

Sasa, kwingine kipigo cha namna hiyo hufunikwa na kusahauliwa. Barro Fundo hawakusahau, kwa sababu golini siku ile alikuwa Ozório, baba yake Anacleto, na Ozório aliokoa mashuti thelathini na moja, mengi yake akiwa na kidole kilichovunjika. Watu walimbeba mabegani hadi nyumbani. Tangu hapo, kila Jumapili ya pili ya Oktoba, mji hutoka kanisani ukaenda uwanjani, ukala maharage na nyama ya nguruwe iliyokaangwa, kisha Ozório huwekewa kiti katikati ya goli na watu wote huhesabu kwa sauti moja, moja hadi thelathini na moja. Wakifika mwisho, mzee huinua mkono wenye kidole kilichopinda. Watu wa miji mingine huona huo ni wehu. Watu wa Barro Fundo huwahurumia, maana wenzao hawana cha kuhesabu.

Tume ilikutana Jumatano. Padre Leôncio alipendekeza waanze kwa kujaribu sare.

"Sare haina nyota, Padre," alisema Daktari.

"Basi moja bila," alisema Dona Iracilda wa duka la dawa.

"Moja bila ni bahati, Dona Iracilda. Mbili bila ni mpango mkakati."

Mikono sita ilinyanyuliwa. Padre wakati huo alikuwa ameshasinzia, na kwa kuwa hakupinga, azimio lilipita kwa kauli moja. União ikawa imeishinda Imperial mbili bila. Wajumbe walipongezana, na mmoja akasema kwa kweli hata yeye alikuwa na hisia hizo tangu zamani.

"Wafungaji?" aliuliza Anacleto, kalamu mkononi.

"La kwanza babu yangu."

"Daktari, babu yako siku ile alikuwa nje ya geti. Alikuwa anauza bisi."

"Akaingia."

"Na la pili?"

"La pili pia yeye. Alishapasha misuli."

Anacleto akaandika. "Na kipa niandike nini?"

"Andika kipa hakusumbuliwa."

Kalamu ikasimama. "Yale mashuti thelathini na moja je?"

"Ukiyaweka hayo, watatuuliza Imperial walikuwa wanatafuta nini golini kwetu mchana kutwa. Na ile shughuli ya Oktoba ya kuhesabuhesabu tunaifuta. Mahali pake tutaweka Siku ya Nyota."

Anacleto alitaka kusema kwamba kipa huyo ni baba yake, lakini wote mle ndani walikuwa wanajua, kwa hiyo ingekuwa ni kuwapotezea muda. Akauliza swali jingine, la kikatibu.

"Samahani, Daktari. Kama nusu fainali tulishinda sisi, fainali alicheza nani?"

"Imperial. Wakachukua ubingwa. Na aliyemfunga bingwa ndiye bingwa, hapo ndipo nyota yetu inapotoka."

"Lakini Imperial si tulishawatoa?"

"Anacleto, bwana, Tume hii imepewa mechi moja. Usituongezee mzigo."

Ukurasa wa tarehe nane Oktoba ukakatwa kwa wembe na kuchomwa kwenye tanuri la vigae, mbele ya mashahidi wawili. Anacleto akapewa stakabadhi ya majivu. Ombi la nyota, likiwa na saini ya Daktari na mihuri minne, likatumwa mji mkuu.

Nyumbani alimkuta baba yake jikoni, anachovya mkate kwenye kahawa. Alimweleza yote, akiwa amesimama, kama anavyosoma muhtasari wa kikao.

"Kwa hiyo sikucheza," alisema Ozório.

"Ulicheza, baba. Ila hukusumbuliwa."

Mzee akakitazama kidole chake. "Na hiki nilikivunjia wapi? Usingizini?"

"Tume haikufika kwenye kidole."

Ozório akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. "Unajua nani alianza kuhesabu siku ile? Mama yako. Alikuwa nyuma ya goli langu, simjui, hanijui. Nikidaka, namsikia: nne. Nikipangua: tano. Nikajisemea, huyu binti nisipomsikia akifika thelathini, nitakufa kapera." Akausogeza mkate pembeni. "Aliyeandika kwamba sikusumbuliwa ni nani?"

"Mwandiko ni wangu, baba."

Kwa wiki tatu mzee hakumsemesha mwanawe, isipokuwa kumwomba chumvi. Anacleto aliumia kuliko alivyowahi kuumia kwa kipigo chochote cha União, naye vipigo vya União tangu azaliwe alikuwa amevishuhudia karibu vyote.

Jibu la Shirikisho lilifika mwanzoni mwa Septemba. Daktari aliita Tume, akaagiza soda na maandazi ya jibini, akamwamuru Anacleto asome kwa sauti. Shirikisho lilikuwa na furaha kuitambua União kuwa mshindi halali wa nusu fainali ya mwaka 1961. Wajumbe wakapiga makofi. Hata hivyo, iliendelea barua, Shirikisho limesikitishwa kugundua kwamba União, baada ya kufuzu, haikutokea uwanjani siku ya fainali, na hadi leo haijatoa maelezo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 88, rais wa klabu iliyokimbia fainali anafungiwa kuongoza soka na kuingia uwanja wowote wa jimbo kwa miaka hamsini. Kwa kuwa rais wa wakati ule ni marehemu, adhabu inakaa na kiti. Aliyekikalia kiti hicho kwa sasa aandike barua ya kukiri kupokea.

Padre akaamka, akauliza kama wameshapata nyota.

"Upuuzi mtupu," alisema Daktari. "Tungefikaje fainali? Tulipigwa saba!"

"Mbili bila, Daktari," alisema Anacleto. "Kwa kauli moja."

"Ukurasa uko wapi?"

"Tanurini. Stakabadhi ninayo."

Kanuni ziliruhusu njia moja ya kuyafuta matokeo hayo: kiapo cha mchezaji aliye hai. Wachezaji kumi wa kikosi kile walikuwa makaburini. Kesho yake Daktari alibisha mlango wa Ozório akiwa amebeba keki ya mahindi, Anacleto nyuma yake.

"Mzee Ozório, shikamoo. Nimekuja kwa ile mechi yako."

"Marahaba. Mechi gani?"

"Ya sitini na moja. Ile ya Imperial."

"Aa, ile. Haikuwa na kazi kabisa. Nilikaa chini ya mlingoti, nikala chungwa. Babu yako ndiye aliyehangaika."

"Mzee, acha utani. Ulifungwa saba."

"Mimi? Imeandikwa wapi?"

Daktari akamgeukia Anacleto, na Anacleto akaangalia dari. Likawa jambo la kuonea huruma, tajiri wa vigae kumbembeleza mzee akubali kwamba alifungwa. Ozório alimwacha abembeleze mpaka kahawa ikapoa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitaapa. Ila ukurasa utarudi kitabuni, na utauandika wewe, kwa mkono wako. Mimi nasema, wewe unaandika. Mwanangu, mpe kalamu."

Daktari akaandika. Shuti la kwanza, kichwa, dakika ya pili. La pili, mguu wa kushoto, kona ya chini. Aliandika hadi jasho likadondoka kwenye karatasi.

"La tisa ndilo lililovunja kidole. Andika kidole."

"Nimeandika. Mkono unaniuma, mzee."

"Bado ishirini na mawili. Bao la sita lilikuwa la kuotea, weka na hilo. Haya, shuti la kumi."

La thelathini na moja alilitoa kwa ncha za vidole, likagonga mtambaa wa panya, likatoka. Daktari akaweka nukta, akasaini. Ozório akauchukua ukurasa, akausoma taratibu hadi mwisho, kisha akampa mwanawe aubandike. "Kaa, ule keki," alimwambia. Safari hii hakuomba chumvi.

Shirikisho lilijibu upesi, wiki ya pili ya Oktoba ikikaribia. Lilikipokea kiapo na nakala ya ukurasa. Lilitambua kwamba União ilifungwa saba bila, na kwa kuwa aliyefungwa hachezi fainali, kosa la kutotokea limefutwa na kiti kiko huru. Limebakiwa, hata hivyo, na nyaraka mbili za mechi moja, moja ikisema mbili bila na nyingine saba bila, zote zikiwa na saini ya Valdomiro Pestana. Kwa kuwasilisha matokeo ya uongo, Kifungu cha 12 kinatoa adhabu ileile ya miaka hamsini. Safari hii adhabu haikai na kiti. Inamfuata mtu.

Jumapili ile uwanja ulijaa kuliko mwaka wowote. Anacleto aliweka kiti golini, akamshika baba yake mkono mpaka akakaa, halafu akaenda kusimama nyuma ya goli, pale alipokuwa amesimama mama yake. Yeye ndiye aliyeanza: moja.

Daktari alikuwa nje ya geti, maana adhabu ilimruhusu kufika hapo tu, kando ya mkokoteni wa bisi, mahali palepale aliposimama babu yake. Hakuna aliyemlazimisha kuhesabu, lakini alihesabu, kwa sababu mashuti yale sasa aliyajua moja moja. Alipofika ishirini na sita akaruka moja, na muuza bisi akamrekebisha.