Mboga ya Daktari Ni Ipi?

Malindi, Unguja
12 Septemba, 1971

Ndugu Mhariri,

Baada ya heshima zote zinazokustahiki wewe na wapiga chapa wako, naomba nafasi katika ukurasa wenu wa lugha. Najua ukurasa huo ni wa mambo makubwa, watu wanaulizana asili ya maneno. Langu mimi ni neno moja tu, nalo limenitoa samaki mdomoni. Neno lenyewe ni mboga.

Mimi ni karani wa bandarini, mtu mzima, na nina jongo. Asiyelijua jongo namwombea asilijue: kidole gumba cha mguu kinavimba, kinawaka moto, hata shuka ikikigusa unamwita mama yako. Idi Kubwa iliyopita nilikwenda kusali kwa mkongojo, na kubadhi moja. Mguu wa pili ulikuwa umefungwa kanga ya mke wangu, na kanga ina maneno. Watu wameyasoma msikitini.

Mke wangu, Bi Mwatima, akanipeleka hospitali. Daktari, kijana mwenyeji wa Tabora, akautazama mguu, akaandika, akasema, "Mzee, kuanzia leo mboga kwa wingi." Hayo tu, akaita mgonjwa mwengine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi hapa Unguja mboga ni mchicha, kisamvu, bamia na jamaa zao. Samaki na nyama ni kitoweo. Lakini kwa ndugu zetu wa Bara, mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Ninaye mwenzangu bandarini, wa huko huko Tabora. Mchana anafungua bakuli lake na kunambia, mboga ya leo mbuzi. Kwa hiyo daktari aliposema mboga kwa wingi, aliniandikia mbuzi. Mbuzi kwa wingi, Ndugu Mhariri! Nimemweleza mke wangu kwa upole. Kanijibu kuwa mguu wangu ni wa Unguja na utatibiwa kwa Kiunguja.

2. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakiingii chenye macho. Asubuhi muhogo, mchana choroko za nazi, jioni shelisheli. Wali wenyewe wa foleni, na ukipatikana unakuja na mchicha juu. Juzi Bi Mwatima kakata biringani vipande, kavitia ndimu, kitunguu thomu na pilipili, kavikaanga, kaniambia ni samaki changu. Nikala. Wallahi nilikuwa natafuta miba kwa ulimi. Nilipoikosa ndipo nilipojua nimedhulumiwa.

3. Paka wetu, ambaye tulimbadilisha jina mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kwa sababu unazozielewa, amehama. Sasa anakaa kwa jirani yetu Bi Khamisa, ambako kunakaangwa. Nimemkimbiza mpaka Darajani, nikamrudisha kwapani. Nikamwekea kisamvu. Alivyonitazama, Ndugu Mhariri, sijapata kudharauliwa vile hata na bosi wangu.

4. Bakar, muuza samaki, zamani akisimama chini ya dirisha langu na kunadi mpaka niteremke. Sasa akifika hapo anashusha sauti na kunipa pole, kama nimefiwa. Kila jioni inanibidi nipande ngazi zote mpaka juu ya paa ili ninuse tu mchuzi wa Bi Khamisa, na ngazi za nyumba hizi za Malindi unazijua. Hiyo ndiyo hali ya mtumishi wa umma.

5. Ugonjwa umesambaa. Bi Mwatima amefungua darasa uani. Anawafundisha wanawake wa mtaa kuwa usianze kwa pupa, anza na siku mbili za wiki bila kitoweo, kisha uongeze. Kuwa maharage na choroko zinakaa pahala pa nyama. Kuwa majani yasichemshwe mpaka yakafa. Waume zao wananilaumu mimi. Barazani nikifika hapana anayesogea kunipa nafasi. Mambo yakiendelea hivi, samaki watazeekea baharini, wavuvi watapanda bamia ngalawani, na ng'ombe watatuzidi idadi mpaka wadai kiti kwenye kamati ya mtaa. Hapo nani atajenga taifa?

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Kwanza, gazeti lichape kwa herufi kubwa kuwa mboga ni pamoja na samaki, angalau changu. Pili, kila daktari atokaye Bara asailiwe neno hilo bandarini kabla ya kushuka melini. Kazi hiyo naweza kuifanya mimi, maana nakaa pale pale, na mguu huu, ambao majani hayajausaidia hata chembe, hauniruhusu kwenda kokote.

Utauliza, kwa nini nisile kwa Bakar nikarudi nimefuta mdomo? Siwezi. Nampenda mke wangu, hilo ndilo balaa. Mguu huu ulipokuwa hauguswi, ni yeye aliyeukanda, akilia kuliko mimi. Kumdanganya sitaki. Nataka ruhusa iliyochapwa, maana kilichochapwa anakiamini.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mpishi wenu wa chai, na yeyote aliyekula samaki leo.

Wako mwenye njaa na adabu,
Machano Ame

Baadaye: Naongeza haya nikiwa Posta ya Shangani, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba. Nilikusudia kumpa mtu barua hii anipelekee, lakini nilipoisoma tena hasira zikanipanda, nikaja mwenyewe mbiombio. Karani wa hapa ananijua. Kaniuliza, "Mzee Machano, mkongojo wako uko wapi?" Nikatazama mkononi, hamna. Nikatazama chini. Makubadhi, yote mawili.

Loo! Nimesimama hapa na foleni nyuma yangu inanung'unika, na mimi natazama vidole vyangu tu. Nikikumbuka ile Idi, machozi yananilenga.

Stempu nshaibandika na sipendi hasara, basi ipokee. Lakini usiichape. Na kama huna budi, chapa haya tu: mboga ni majani, na daktari yule anajua Kiswahili. Napitia Darajani kabla muuza mchicha hajafunga. Leo nitaupeleka nyumbani mwenyewe, kwa miguu.