Babu, Mayai na Pikapu ya Macho Makali

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mtoto amekula bei. Sasa hivi, mbele ya macho yangu! Niliacha kijitabu cha pikapu mpya juu ya mkeka, nikainuka kuepua maziwa, kurudi namkuta anatafuna kona ya ukurasa wa mwisho. Nikamtia kidole mdomoni. Nikaokoa vipande viwili vyenye namba ya simu ya yadi. Bei ilishakwenda tumboni. Naiona ni ishara njema. Mwanangu hajui kuhesabu hata mbili, lakini ameshaonyesha kuwa bei si kitu cha kutunyima usingizi.

Ana mwaka mmoja na nusu. Tunamwita Kijiko, kwa sababu haachi kijiko chake hata akilala. Mimi kwa hiyo ni Mama Kijiko.

Niandike kwa utaratibu. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alisema kichwa changu ni kizuri, tatizo kinatangulia mikono. Basi: tunayo pikapu. Inaitwa Babu. Mume wangu aliachiwa na marehemu baba yake. Kila Jumanne na Ijumaa namwendesha Babu mpaka kiwanda cha mikate na trei arobaini za mayai ya kuku wetu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, lakini kazi ya mageti ni leo ipo, kesho haipo. Mayai ndiyo yanayotuweka mjini.

Jana Babu alichemka mbele ya yadi ya magari. Nikaingia kuomba maji ya rejeta. Nikatoka na kijitabu.

Ee Mola, ile pikapu! Wameisuka upya. Imenyanyuka, matairi kama ngoma, taa zimekunja uso kama mtu aliyenyimwa chenji. Shokapu zake nene kama chupa ya chai. Imeandikwa kwamba inapita juu ya mawe bila abiria kutikisika. Nikawaza papo hapo: abiria akiwa yai je?

Nimemweleza mume wangu wakati anakula. Akasema gari linalowaka haliuzwi. Nikamjibu hata kibatari kinawaka. Akacheka, akaendelea kula. Nikicheka naye huwa nimeshindwa, kwa hiyo sikucheka. Nilicheka kidogo tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mume wangu haamini maneno, anaamini macho. Basi aone mateso ya Babu kwa macho yake!

Siri ya Babu ni gunia la mchanga. Linakaa nyuma, juu ya ekseli, ili asirukeruke. Bila gunia, Babu ni panzi. Asubuhi, mume wangu akiwa bafuni, niliburuta lile gunia mpaka nyuma ya banda la kuku. Mgongo ukalia ka! Nikapakia mayai, nikaondoka kwa moyo mweupe.

Trei saba zimevunjika. Nilitegemea mbili, tatu. Saba!

Bosi wa Mikate ni mama mwenye mikono ya kukanda unga na maneno ya kuhesabika. Alifunua turubai, akatazama, akasema yeye aliagiza mayai, hakuagiza mchuzi. Halafu akanivuta pembeni. Ijumaa ana keki za harusi. Trei arobaini, nzima. Nikimwangusha tena, anampa kazi wifi yangu, ambaye ameshaleta mayai ya kuonja.

Wifi! Dada wa mume wangu! Kuku wake amewaanza juzi tu, baada ya kuona wangu wanataga!

Nyumbani nikampokea mume wangu na ndoo ya maganda. Nikatia na chozi, moja, la upande wa kushoto. Akainama chini ya Babu, akagonga springi, akachungulia nyuma, akauliza gunia liko wapi. Nikasema dunia imeharibika, watu wanaiba hata mchanga. Nyuma ya banda tukasikia ko, ko, ko. Kijiko amekalia gunia, analipiga kijiko kama ngoma.

Mume wangu akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akaenda kuleta gunia, na akajaza la pili. Akaniambia pole, hakujua barabara inaniumiza hivyo.

Sasa Babu ametulia kuliko siku zote za maisha yake. Mpango umemponya mgonjwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili: watu wa yadi wampokee Babu, mimi niongeze kidogo, nipewe mpya. Nimempaka bampa dawa ya viatu. Akang'aa! Ukisimama mbali, jua likiwa upande wako.

Muuzaji wa yadi ni kijana mwenye tai ndefu kupita kifua. Nimemwita Bwana Tai. Kamzunguka Babu mara mbili, mikono nyuma, kama daktari anayetafuta maneno. Nikazima injini. Babu hakuzima. Nikachomoa ufunguo. Babu akaendelea kutetemeka na kukohoa, kana kwamba kasikia anauzwa na hataki. Kijiko akamwitikia: khe, khe, khe. Tukasubiri watatu kama watu walio msibani.

Bwana Tai akaandika kitu kwenye karatasi. Nikauliza kama ndiyo thamani. Akasema hapana, ni namba ya mtu anayenunua vyuma chakavu. Niliumia. Mimi nina haki ya kumsema Babu, ni wa ukoo. Yeye ni nani?

Lakini alifungua mlango wa ile mpya, hasira ikaniisha. Harufu! Viti vya ngozi! Unapanda kama unapanda kitanda cha hospitali, na ukishafika juu unaona mapaa ya watu. Akanieleza kuwa ya mwaka jana na hii zinafanana sura tu, chini wamebadilisha springi zote. Kuna kitufe cha mchanga, kitufe cha matope, kitufe cha mawe. Nikamwambia barabara yetu ina vyote vitatu kabla ya kona ya kwanza. Akasema inakimbia jangwani bila wasiwasi. Nikauliza, na mayai? Akaishika tai yake. Hajawahi kuulizwa.

Nikambana hapohapo. Nitajuaje inafaa kama sijaijaribu na mzigo wangu? Ijumaa asubuhi anakuja nayo nyumbani, tunapakia, naendesha mwenyewe, yeye kando. Yai lisipovunjika, nanunua. Nilisema nanunua. Kwa pesa gani, nitajua baadaye. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siwezi kukaa. Nimefagia uani mara tatu. Kuku wananiangalia vibaya.

Wifi kaja, eti shangazi kamkumbuka mtoto. Shangazi gani! Kaja kuonyesha bajaji yake ya mizigo, basi. Imepakwa rangi ya kiini cha yai. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba amesikia nilipeleka mchuzi kiwandani, na kama nimechoka niseme tu, sisi ni ndugu. Nikamjibu kesho asimame kando ya barabara aone wifi yake anavyopita. Nikamwonyesha picha ya pikapu. Akaitazama sana. Akauliza, na ulivyo mfupi, trei utaziwekaje kule juu?

Nikamwambia chai imepoa, anywe.

Mume wangu naye kaja na habari: kesho asubuhi anamhitaji Babu, ana geti la kupeleka kwa mteja. Akajiandaa kwa mabishano. Nikasema chukua tu, baba, mimi nitajipanga. Alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kuona kama nina homa.

Ana mikono ya moto yule mwanamume, na makovu ya cheche. Karibu nimwambie. Sikumwambia. Mambo mazuri huwa namwonyesha yakiwa tayari.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niandike yote, nisiruke kitu.

Pikapu ilifika. Majirani walitoka. Kijiko alidondosha kijiko! Nikafungua geti mbawa zote mbili, nikampungia Bwana Tai apite. Haikupita. Yale mashavu ya matairi yamepanuka, na geti letu mume wangu alilipima kwa Babu. Pikapu ilizidi kwa shubiri moja na ushee. Basi ikasimama nje, tukabeba trei kwa mikono.

Nyuma yake ni juu. Inafika kidevuni kwangu. Wifi ana mdomo mbaya, ila macho anayo. Nikapanda juu ya ndoo. Trei ishirini zikaingia, ndoo ikapasuka. Bwana Tai akasema yeye hapandi, suruali ni ya kazi. Zile ishirini nyingine nikazipanga ndani, kwenye viti vya ngozi, na nne kati ya hizo nikampakatisha Bwana Tai. Kijiko nilimwacha kwa jirani, akilia kumlilia Babu. Kamba za kufungia mzigo? Zimeenda na Babu. Magunia ya mchanga? Yameenda na Babu. Lakini nani anahitaji mchanga mwenye shokapu kama chupa za chai!

Na niseme kweli mbele ya Mungu: ilipita kama mkono juu ya shuka. Shimo la kwanza sikulisikia. Shimo la duka la simu, lile lililomeza pikipiki, tulilivuka tukizungumza. Nikashuka kukagua mara mbili. Hakuna hata ufa. Hata mmoja! Bwana Tai akaanza kutabasamu. Wifi alikuwa kando ya barabara kweli, na bajaji yake. Nikapiga honi. Raha niliyosikia sitaisahau.

Basi tukafika kiwandani. Pale getini pana mwinuko mfupi. Miaka mitatu nimempandisha Babu pale kwa namna moja: unakanyaga mafuta mpaka chini, unafumba jicho moja, unamwomba Mola. Babu anafikiria, halafu anapanda.

Nikakanyaga mpaka chini.

Hii haifikirii! Iliruka kama mbuzi aliyechomwa. Mayai ya nyuma yakakimbilia nyuma. Nikaona ukuta wa magunia ya unga unanijia. Kwa Babu, ukiogopa, unakandamiza klachi kwa mguu wa kushoto. Nikakandamiza. Hii haina klachi. Pale kwenye klachi wameweka breki.

Mayai ya ndani yakaja mbele. Yote. Kwa pamoja.

Kitu kikawa kinadondoka, to, to, to. Bwana Tai alikuwa wa manjano kuanzia nywele mpaka kwenye tai, na ile tai sasa ilikuwa nzito. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kitufe kilichobonyezwa ni cha mawe, nilipaswa kubonyeza cha barabara ya kawaida. Kana kwamba tulikuwa tunazungumzia vitufe.

Nikainua macho. Juu ya ngazi, kando ya geti jipya la kiwanda, kavaa miwani ya kuchomelea: mume wangu. Mteja wa geti ni Bosi wa Mikate! Mimi sikuuliza, yeye hakusema. Akavua miwani. Akaitazama pikapu, akanitazama mimi. Akashuka, akanitoa ganda la yai masikioni. Akauliza kama nimeumia. Hapo ndipo nililia, macho yote mawili.

Baada ya dakika tano, bajaji ikaingia polepole kama bibi harusi. Wifi na trei arobaini, nzima; kumbe alinifuata nyuma akiwa ameshapakia.

Bosi wa Mikate akahukumu akiwa amesimama mlangoni. Ijumaa sasa ni za wifi. Jumanne zinabaki zangu, kwa ajili ya heshima ya geti, na kwa sharti moja: nije na lile gari la zamani.

Nusu ya mayai yetu. Nusu!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeshinda yadini nikisugua viti. Yai likikauka kwenye ngozi ni gundi. Nimetumia mswaki. Mume wangu ameahidi kuwatengenezea watu wa yadi mlango wa ofisi bure, ndipo wametusamehe. Bwana Tai amesema kwa adabu kubwa nisirudi.

Nilipofika chini ya kiti cha dereva niliona kitu. Kiti kinapanda na kushuka kwa kitufe. Kwa mtu mfupi!

Nilisugua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mume wangu ameniita uani. Amenitengenezea Babu rafu ya chuma, ngazi kumi, kila trei na chumba chake, na chini ameweka springi za godoro letu la zamani. Ameipima kwa kimo changu, nisipande ndoo. Alifanya kazi mchana kutwa jana wakati mimi nasugua. Tumezunguka mtaa na trei mbili na Kijiko akipiga khe, khe, khe. Hata yai moja halikupasuka. Nimeapa mbele yake: Babu ndiye gari langu. Nilimaanisha, kabisa. Amenishika mkono mpaka tukafika nyumbani.

Sasa Kijiko amelala, nafsi imetulia, ndipo nimepata kufikiri vizuri. Pikapu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mguu, na mguu unafundishika. Rafu inafungwa kwa boliti nne tu, inahamishika. Kinachobaki ni geti. Nimelipima kwa shubiri. Likisogezwa mbili upande wa ukuta, mashavu yale yanapita bila kugusa, na kwa fundi kukata chuma ni kazi ya asubuhi moja. Nimeshatia alama ya chaki pande zote. Jumanne nikitoka kiwandani nitavaa mtandio mwingine, nipite yadini, nimwambie Bwana Tai kwamba

Ananiita huko nje. Mama Kijiko! Anauliza nani amechora geti lake. Nakuja, baba! Haina shida, jibu ninalo, nitamwambia ni mtoto ndiye