Sifuri Arobaini za Bwana Makadirio

Sogeeni, enyi wenye masikio, mketi mpate habari za Bwana Makadirio, simba wa majedwali, mchumi aliyetumwa na ofisi kuu kupima hamu ya watu kwa samaki, ambaye kwa siku arobaini mfululizo aliizingira meza ya muuza samaki asione hata mteja mmoja.

Kila siku mjinga huyu, nisameheni, shujaa huyu, aliwasili sokoni saa tano, akiwa amekwisha kunywa chai na kusoma gazeti. Akaikuta meza imeshaoshwa, akachomoa kalamu kama upanga, akaandika sifuri. Muuza samaki, mama wa makamo asiye na muda wa kupoteza, alimwambia tangu siku ya kwanza, "Mwanangu, samaki huisha saa mbili. Njoo mapema." Shujaa alitabasamu kwa huruma, kwani mama yule hakuwa na shahada.

Kompyuta ikazimeza zile sifuri, ikatamka: watu hawa hawataki samaki, hata bei ishuke vipi. Ofisi ikaamuru chumba cha barafu cha soko kifungwe mwisho wa mwezi. Bila barafu, biashara ya mama ilikuwa imekwisha.

Mama akamfuata shujaa hadi kwenye ngome yake ya mafaili.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe sokoni. Usipokuja, nitakuletea wateja wangu wote hapa."

"Ewe mama," alinguruma shujaa, "wathubutu kuipinga hesabu iliyotiwa saini na wakurugenzi watatu?"

"Nathubutu. Na chai utakunywa ukirudi."

Loo! Akaamka kabla ya jua, jambo ambalo mkewe hajapata kulishuhudia. Akapanga foleni nyuma ya watu thelathini na wawili, akasukumwa, akakanyagwa, asirudi nyuma. Alipofika mezani, samaki wa mwisho alikuwa anatiwa kwenye kikapu cha bibi aliyemtangulia.

"Haya, andika," mama alisema. "Hukununua. Kwa hiyo hutaki samaki?"

"Nataka, mama," akajibu kwa sauti ndogo. "Nawataka kweli."

Chumba cha barafu hakikufungwa. Ripoti mpya ikatoka, kurasa mia na kumi, ikathibitisha kwa kanuni ndefu kuliko foleni kwamba samaki waliokwisha hawanunuliki. Wakurugenzi wakasimama wakapiga makofi, na ugunduzi ule ukapewa jina la Bwana Makadirio, liheshimiwe na vizazi vyote. Mama naye yumo, ukurasa wa mia na tisa, kwa maandishi madogo: mhojiwa namba moja.