Fimbo Namba Sita

Jumatatu, 2 Juni

Msiba! Patron, Mzee Habumugisha, ametuita makarani wake wote. Wote ni wawili: mimi na Valens. Depo mpya ya Nzahaha inataka karani mmoja, na Jumatatu ijayo atamtaja. Nzahaha! Kule kazi ni pikipiki kwenye miteremko, magunia ya mahindi, na ng'ombe wanaokutazama. Nimezaliwa na hofu tatu: pikipiki, ng'ombe na maji.

Kisha akageuza maneno. Mwanawe aliyeko Ubelgiji amemwonyesha kwa video uvuvi wa watu wakubwa. Samaki hadanganywi kwa mnyoo bali kwa nzi bandia wa manyoya, anayerushwa kwa uzi mrefu. Nani kati yetu anaujua?

Mkono wa Valens ulianza kupanda. Wangu ulifika kwanza. Sijui ulitoka wapi.

Sasa ni mimi wa kumchagulia vifaa vya kuanzia, vifae mto na ziwa. Jumamosi tunavua. Muntu anayemfurahisha Patron hapelekwi Nzahaha. Mpango kamili! Ila sijawahi kushika hata sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, aliye hai.

Jumanne, 3 Juni

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Fimbo zina namba. Mto mdogo unataka nne, ziwa lenye upepo linataka nane. Uzi lazima uwe na namba ya fimbo, maana nzi hana uzito, uzi ndio unaombeba. Nimechagua sita. Mwoga hujificha katikati.

Kofia na miwani ni lazima, ndoano isije ikaingia jichoni. Nimeongeza jaketi la kuelea, ambalo hakuna mtaalamu aliyelitaja. Mawili. Yote yangu.

Valens ameuliza kama samaki wa Kivu wameshaarifiwa kwamba watakula manyoya. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni

Maduka ya hapa Kamembe yana nyavu na taa za sambaza. Fimbo hakuna. Nikashuka Rusizi ya Kwanza, mpakani na Kongo, kwa Muderhwa wa Bukavu anayeuza mitumba. Anayo! Nyeusi, vipande vinne, kigurudumu cha uzi kimefungwa kwa waya. Ndani ina mpira unaoshika vipande pamoja. Teknolojia!

Nikauliza namba. Akauliza natafuta namba gani. Nikasema sita. Akachungulia kitako cha fimbo: "Sita kabisa, muntu yangu." Uzi je? Sita. Kigurudumu? Sita vilevile. Bahati gani hii! Hata miwani ilikuwa sita.

Nzi hakuwa nao. Alisema nzi wako sokoni, kwenye nyama, bure.

Alhamisi, 5 Juni

Nzi bora hufungwa kwa manyoya ya shingo ya jogoo. Mwenye nyumba wangu, Maman Nyiraneza, ana jogoo mwekundu anayempenda kuliko wapangaji. Maman alipotoka nikamnyatia jogoo. Nilitaka manyoya mawili tu, kwa heshima. Jogoo akapiga kelele. Nikaogopa, nikakaza mkono. Nikabaki na ngumi iliyojaa. Shingo nzima!

Nimefunga nzi kadhaa kwa uzi wa vifungo. Wanafanana na ndevu za mzee mgonjwa.

Jioni Maman akasimama uani, akauliza kwa sauti ya kufika Bukavu: "Nani alivula jogoo yangu shemizi?" Shati la jogoo! Wapangaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikasema pengine ni ugonjwa. Akanitazama mno.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia Patron kwamba nzi wametoka Ubelgiji. Akafurahi kama mtoto, akachomeka mmoja kwenye kofia yake ya misa. Akamwita Valens aje aone fundi. Valens akainama, akanusa, akasema huyu Mbelgiji ana harufu ya kuku.

Namchukia Valens.

Jumamosi, 7 Juni

Tulisimama pale ziwa linapoanza kuwa mto. Ng'ambo ni Kongo. Nilivaa majaketi yote mawili, nikashindwa kushusha mikono. Tena wazo baya: je, ndoano ikivuka mpaka bila deklarasyo, fomu ya forodha? Kwa bahati nilikuwa nimeandaa moja. Bidhaa: nzi. Hali: si hai. Sababu ya safari: anarudi leo.

Patron akasema nirushe tu.

Nikarusha. Nyuma, ndoano ikanasa kofia ya Patron. Mbele, kofia ikaruka ziwani. Ulikuwa mrusho mrefu, lazima niseme. Tukaivuta taratibu. Ndiyo samaki pekee niliyempata.

Kisha fimbo ikalegea, ikakunjika vipande vinne. Valens akasema kuna hema mahali fulani linautafuta mguu wake.

Yeye alikuja na mwanzi na kopo la minyoo. Akatoa tilapia, akatoa mwingine, akatoa mwingine. Patron alimshikia ndoo! Patron mwenyewe!

Nzahaha. Nasikia ng'ombe.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Patron amekuja misa na kofia ileile, imekauka, nzi bado yuko. Uwanjani Maman Nyiraneza akasimama ghafla. "Papa, hii manyoya ni ya jogoo yangu!" Patron akamjibu kwa upole kwamba hayo ni ya Ubelgiji. Maman akaondoka, akarudi na jogoo kwapani, akamweka kando ya kofia. Rangi moja. Wanakwaya wote walikuja kuhakikisha.

Jogoo hakumtazama Patron. Alinitazama mimi. Batu wote wakafuata macho ya jogoo.

Jumatatu, 9 Juni

Patron ameongea bila kupandisha sauti, jambo baya zaidi. Valens anakwenda Nzahaha, kwa sababu anayejua kujilisha ndiye wa kupeleka mashambani. Mimi nabaki Kamembe. Nikienda kule, alisema, kuku za batu zitabaki uchi. Na kila asubuhi nitamlisha jogoo wa Maman mpaka avae tena.

Nabaki! Mpango wangu umefaulu, hatua kwa hatua. Akili ni mali.

Mahali pa Valens ameshaingia kijana anaitwa Ndizeye, viatu vinang'aa, ananuka bidii. Patron akatuambia uvuvi basi. Daktari amemshauri aogelee ziwani, kwenye maji marefu. Nani kati yetu ni mwogeleaji?

Mkono wa Ndizeye ulianza kupanda.

Jioni nilishuka Rusizi ya Kwanza. Muderhwa anazo nguo za kuogelea. Nikauliza namba. Akauliza natafuta namba gani.

Sita kabisa!