Moshi wa Jiko la Tatu

Masele, ambaye kijiweni Gongoni wanamwita Redio, alianza kutangaza kabla hata hajakalia benchi.

"Wataalamu wamesema mzee anayevuta hewa chafu miaka mingi anawahi kufa kuliko mwenzake wa hewa safi. Moshi, vumbi, vyote vimo. Injini, pole sana."

Mzee Mfaume, Injini kwa sababu ya miaka yake ya reli, alisikia kifua kinambana papo hapo. Alikuwa amekaa anapokaa siku zote, ubavuni mwa jiko la mkaa la Tatu, muuza kahawa. Akakohoa kidogo, kujipima. Akasogeza kigoda.

"Unakimbilia wapi?" aliuliza Egidi. Huyu ni Bani, maana alizeekea kwenye mabani ya kukaushia tumbaku huko Ulyankulu. "Mimi nimekula moshi mpaka nikipiga chafya kuku wanalewa. Nimekufa?"

"Hujajitazama kwenye kioo tu," Redio alimjibu.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Tatu. "Ndiyo maana niliwaomba nipike kwa gesi. Zahanati wameshanionya, kifua changu hakitaki tena mkaa. Mkagoma."

Aliyeongoza mgomo ule alikuwa Mfaume, na hakuwa tayari kuuona ukifa kabla yake.

"Kahawa ya gesi ni maji ya kunawia, mwanangu. Ukileta gesi hapa, nahamia stesheni."

"Na kufa je?" Redio alichokonoa.

"Nife na ladha mdomoni. Hii ya leo onja, mkaa mtupu. Utamu wote ni moshi." Akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, akajifuta machozi. "Unaona unavyochoma macho?"

"Kweli unawasha," Bani alikubali, akijipepea kwa kofia.

Kuwaonyesha kwamba haogopi, Mfaume alirudisha kigoda, akakinga viganja juu ya jiko kama anayeota moto. Akasubiri joto. Akasogeza viganja. Mwishowe akachimbua majivu kwa kidole, yalikuwa baridi.

"Tatu. Hili jiko..."

"Halijawashwa tangu Idi, babu. Napikia ndani kwa gesi, birika naliweka hapo mridhike."

Bani aliacha kujipepea. Mfaume aliona haya mpaka masikioni, ila kifua kilikuwa kimefunguka chenyewe. Akanyoosha kikombe.

"Niongeze," alisema. "Lakini jiko usilitoe hapo. Mimi bila moshi kahawa haipiti."